Friji Lisilotakiwa Kuzima

Makorongoni, Iringa
22 Aprili 2025

Mdogo wangu Mwanakhamisi,

Assalaam alaykum. Huku tupo, tunakula, tunalala, tunalalamika. Wifi yako Saida goti limemtulia tangu alipoacha kupanda kilima kwenda kwenye vikoba. Sasa vikoba ndivyo vinamfuata nyumbani, na kila Alhamisi sebule yangu inajaa wanawake wanaonitazama kama kiti kilichowekwa mahali pabaya. Mwanangu Farhan bado yuko Dar na bado anataka nihamie kwake, ghorofa ya nne, nilale sebuleni huku wajukuu wakiangalia katuni juu ya kichwa changu.

Utashangaa kupata barua. Simu nimeiweka kabatini. Kundi la familia limenichosha: asubuhi dua, mchana picha za maua, jioni matusi. Ukiwa na neno andika, mpe kondakta wa basi. Dereva wangu Ezekia atalipokea stendi.

Ndiyo, nina dereva, kwa sababu nina gari. Nimenunua Kosta kuukuu iliyokuwa ikibeba wanafunzi. Nimeng'oa viti vyote isipokuwa vya mbele, nimeweka kitanda, kabati, sinki na jiko la gesi. Ni nyumba yenye magurudumu. Rangi amepiga fundi mwingine, mimi nimekaa pembeni nikielekeza. Nataka kuzunguka nchi na Saida kabla hatujafa kwa kusikiliza majirani.

Wewe unauza vifaa vya sola, kwa hiyo nitumie paneli za kukunja, zile za kutandika chini na kukusanya ukiondoka, na betri za lithiamu mbili kubwa kuliko zote ulizonazo, na inveta nzuri, isiyotoa umeme wa kutetemeka. Ni kwa ajili ya friji na taa.

Kaka yako,
Zubery


Mwanjelwa, Mbeya
3 Mei 2025

Kaka Zubery,

Shikamoo, na waalaykum salaam. Mpe wifi pole ya goti na hongera ya kukuvumilia. Mimi sijambo. Duka nalo halijambo, ila mvua ikinyesha linavuja pale pale ninapokaa, kana kwamba mvua inanijua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilidhani umechanganyikiwa, nikakumbuka kwamba hiyo ni hali yako ya siku zote. Mtu anastaafu, anapata muda wa kukaa, halafu ananunua basi la shule. Nilimsimulia Mzee Mihayo, mteja wangu wa Usangu, yule mfugaji niliyemfungia pampu ya sola ya kunyweshea ng'ombe. Akasema huyo kaka yako ana akili, kwa sababu nyumba ikikaa mahali pabaya inahamishwa. Mzee Mihayo anapenda kuona jema kwa kila mtu.

Sasa biashara. Friji la gari halili umeme wa kutisha. Betri mbili za ukubwa unaotaka zinatosha kuendesha saluni ya kike, na madrayer yake. Nakutumia moja, paneli mbili za kukunja, inveta na kontrola ya kuchaji. Waya nimekupa mrefu na mnene, ili Kosta ikae kivulini na paneli zikae juani. Paneli uziinamishe zitazame jua, na zisiangukiwe na kivuli hata cha kamba ya nguo, maana kivuli kidogo kinapunguza umeme mwingi. Mzee Mihayo alikuwa haamini hilo mpaka nilipoweka kofia yake juu ya paneli na pampu ikapiga kwikwi.

Jambo moja silielewi. Wewe umepiga rangi magari ya watu miaka yote bila kumruhusu mtu kugusa bunduki yako ya rangi. Hata kaburi la mama ulipaka chokaa mwenyewe. Imekuwaje gari lako likapakwa na fundi mwingine?

Mdogo wako,
Mwanakhamisi


Makorongoni, Iringa
29 Mei 2025

Mwana,

Salaam nyingi. Saida hajambo, amekubali kulala ndani ya Kosta usiku mmoja, akatoka asubuhi akasema ni kama kulala ndani ya jokofu lenye mapazia. Farhan ametuma picha ya kitanda cha sofa.

Mzigo ulifika salama. Kufunga kulitupa tabu kidogo. Ezekia ni Mhehe wa Kilutheri, mzee wa kanisa, kila kazi anaianza kwa wimbo, na alikuwa bado ubeti wa pili alipogusisha nyaya mbili zisizopaswa kugusana. Cheche ikaruka, wimbo ukakatika, fyuzi ikafa badala ya Ezekia. Tuliweka nyingine.

Baadaye tukaona chaji haipandi. Jua kali, paneli zimetandikwa uani, mita inaonyesha umeme wa kuwashia tochi. Nikatoka kuangalia. Jirani yetu Bupe, mama wa Kinyakyusa mwenye genge, alikuwa ametandaza dagaa juu ya paneli zote mbili. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Si umeweka kichanja? Nimeona kizuri, kinapata joto." Nikamweleza kwamba hiyo ni mitambo. Akaniambia dagaa wake hawawezi kuharibu mtambo, labda mtambo uharibu dagaa. Tulivumiliana mpaka walipokauka.

Habari ya rangi achana nayo. Nimezeeka, nimekuwa bosi.

Betri ya pili naihitaji. Friji langu halitakiwi kuzima, hata kidogo. Na uniambie: betri ikikaribia kuisha, inveta inapiga kelele kabla ya kukata umeme, au inakata kimya kimya?

Huyo mteja wa Usangu umemtaja mno kwa mtu aliyenunua pampu.

Zubery


Mwanjelwa, Mbeya
12 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Idi tumeila vizuri, nyama ilikuwa nyingi kuliko majirani, maana mteja mmoja alileta mbuzi wawili. Ni mteja tu. Wateja wangu wananipenda.

Betri ya pili hii hapa. Usiiunganishe na ya kwanza hivi hivi. Zichaji kila moja peke yake mpaka zijae, ndipo uziunganishe sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, la sivyo iliyojaa itajimwagia kwa yenye njaa na nyaya zitaona moto. Weka fyuzi karibu na betri, siyo kule mbali ilipo pua ya Ezekia. Na jua kwamba lithiamu haitaki kuchajiwa ikiwa imeganda kwa baridi, kwa hiyo zikae ndani, siyo chini ya gari.

Inveta inapiga kelele kwanza, halafu inakata. Ila kama betri yenyewe ndiyo imejizima kujilinda, hapo inakata bila salamu.

Kwa nini unauliza? Nyama ikiharibika unaitupa. Hakuna anayekaa macho kusubiri kelele ya friji. Nimepiga simu ya Saida mara tatu, kila mara anasema yuko sokoni. Saida hapendi soko kiasi hicho.

Mwanakhamisi


Tosamaganga
21 Julai 2025

Mwana,

Natumaini hamjambo huko na baridi yenu. Sisi tuko salama. Nakuandikia kutoka Tosamaganga, hospitali, nimekuja kumtazama mgonjwa. Anaendelea vizuri, ila ni mkaidi na chakula cha hapa anakisema vibaya.

Tulifanya safari ya majaribio mimi, Saida na Ezekia. Ezekia ana wakwe Igowole, kule Mufindi, akasema kuna viazi vizuri na hewa safi. Tukaegesha pembeni ya mashamba ya chai. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri sana, Saida alikunywa chai mlangoni kama bibi wa Kizungu. Siku iliyofuata ukungu ukashuka. Siyo ukungu wa asubuhi unaoondoka, ni ukungu uliokuja kukaa. Nilitandika paneli hapa, nikazihamishia pale, nikaziinamisha kila upande; mita inaniangalia, mimi naiangalia. Ezekia akasema twende dukani tuombe kuchomeka waya. Nikamwambia mtu hajengi nyumba yake kwa jasho lake halafu akaombe umeme kwa muuza biskuti.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, friji likazima. Bila salamu, kama ulivyosema. Nikajisikia vibaya kidogo. Ezekia aliendesha mpaka hapa bila kuimba hata ubeti mmoja.

Betri zako ni nzima, kosa ni la ukungu.

Zubery


Mwanjelwa, Mbeya
25 Julai 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Salamu za watu wa huku utazipata siku nyingine.

Friji lilizima wewe ukajisikia vibaya, halafu mkaendesha gari kutoka Mufindi mpaka Tosamaganga, mnapita miji yenye friji kila duka, ili ukamtazame mgonjwa mkaidi asiyependa chakula. Mgonjwa huyo ana jina? Ana masharubu kama yako?

Nimefungia zahanati mbili sola kwa ajili ya mashine za oksijeni. Najua zinakula kiasi gani, na najua mtu anayeitumia anauliza nini. Anauliza kama itapiga kelele kabla ya kuzima. Miaka yote hiyo ya kupulizia rangi ukiwa umejifunga leso puani kama mwizi wa kuku, mapafu yangekuwa ya chuma yangeota kutu. Na simu hukuiweka kabatini kwa sababu ya picha za maua. Uliiweka ili nisisikie unavyohema.

Nimelia, nimemaliza, sasa nimekasirika. Ungesema tangu mwanzo ningekupa paneli za kutosha, na ile chaja ya kujaza betri kutoka kwenye injini mnapotembea. Umeendesha pumzi zako kwa vifaa vya friji. Halafu ukapanda na mashine Mufindi kwenye baridi, na wakati hata mimi muuza duka najua mtu wa mapafu anaambiwa ashuke chini, siyo apande. Na hilo jiko la gesi litoke humo ndani leo. Moto na oksijeni havilali chumba kimoja. Pikieni nje.

Sasa langu. Na mimi nilifurahi uliposema tuandikiane, kwa sababu simuni ningecheka kama msichana na ungenijua. Mzee Mihayo amenitaka ndoa. Nimekubali. Ni mtu wa Tabora kwa asili, Mwislamu wa kwao tangu babu yake, alihamia Usangu na mifugo. Mke wake Nyamizi alifariki zamani. Ndiyo, nina umri huu. Ndiyo, nimeshaachika mara mbili na kufiwa mara moja, nalijua hilo kwa sababu nilikuwepo.

Baba hayupo, kaka ninaye mmoja. Walii wangu, wa kuniozesha, ni wewe. Sheikh anasema ukishindwa unaweza kuweka wakili, mimi nimesema hapana. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia tangu mwezi wa nne. Nakuhitaji ukiwa hai na ukiwa umekaa.

Mwanakhamisi


Makorongoni, Iringa
6 Agosti 2025

Mwana,

Barua imefika. Jiko limetoka. Hilo lingine nitajibu.

Zubery


Makorongoni, Iringa
27 Agosti 2025

Mwana,

Assalaam alaykum. Tumesharudi nyumbani muda sasa. Saida anakusalimu na anasema hakuwa sokoni, anaomba umsamehe, mimi ndiye niliyemtia kwenye uongo.

Ni kweli yote uliyosema. Daktari aliniambia mapema mwaka huu. Alisema nitakuwa nalala na mashine, na mchana nikichoka pia, na kwamba nikiweza nikaishi bondeni itanisaidia. Farhan akasema njoo Dar. Mwana, mimi nimeishi kwangu tangu nikiwa na miaka ishirini. Nikajiona kwenye lile sofa, waya umechomekwa nyuma ya televisheni, mjukuu anajikwaa, anauzima. Ndiyo nikanunua Kosta. Nilitaka kushuka kwa miguu yangu mwenyewe, hata kama ni ya mpira. Kukuambia sikuweza. Wewe ni mdogo wangu, nilikuvusha mto ukiwa mgongoni. Mtu aliyekubeba hapendi kukuambia hawezi kupanda ngazi.

Kuhusu ndoa, nilikaa kimya kwa sababu nilikasirika. Nilimwambia Saida kwamba huyo mzee anataka fundi wa pampu wa bure. Saida akasema, "Na wewe ulipokuja kunioa ulitaka mpishi wa bure, mbona nilikuja?" Nikaenda kulala.

Sasa sikiliza. Juzi nimekaa uani, mirija puani, kuna mtu mrefu anaingia na kofia pana, kabeba paneli mbili begani. Akasalimia vizuri, akaketi kwenye ndoo bila kuambiwa. Akasema, "Mimi ni Mihayo. Dada yako hajui kama nimekuja."

Nikamwambia, "Babu yetu alitoka Bagamoyo. Nyie watu wa Tabora ni watani zetu. Mliwabebea babu zetu mizigo."

"Ndiyo," akasema. "Na leo nimebeba tena."

Nikaona huyu ana mdomo. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema hawezi kuwahesabu mbele ya mtani, watakufa. Nikamwambia, "Dada yangu ana maneno makali." Akasema, "Nimeyasikia." "Ameshaachika mara mbili." "Aliniambia mwenyewe, hata sijauliza bei." "Hajui kupika." "Mimi najua."

Kisha akavua kofia, akazitandika zile paneli pamoja na zangu, akaniuliza kontrola yangu inabeba kiasi gani. Hakunitazama kama wanavyonitazama watu wa hapa, kana kwamba mimi ni jeneza linalopumua. Tulipomaliza kuunganisha akasema, "Kwangu ni chini kuliko hapa. Joto lipo, ukungu hatuujui. Leta hiyo Kosta ikae."

Nikamwambia sitaki kuwa mgeni wa shemeji.

"Mgeni anakuja na begi," akasema. "Wewe unakuja na nyumba."

Nilimwambia nitafikiri. Alikula kwa Saida, akasifu mboga, akaondoka na basi la mchana. Nimefikiri. Tunakuja. Panga siku na sheikh, na nitumie hiyo chaja ya injini ambayo ungenipa ningekuwa nimesema kweli.

Zubery


Mwanjelwa, Mbeya
4 Septemba 2025

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Kumbe alikuja. Aliniambia anakwenda Makambako kuangalia dawa za mifugo. Wanaume wangu wote ni waongo na sijui niwafanye nini.

Chaja hii hapa, na maelezo nimeandika kwa herufi kubwa ili Ezekia ayasome kabla ya kuimba. Ndoa itakuwa kwa Mihayo, siyo huku Mbeya. Huku ni juu, sitaki uje kuniozesha halafu tukuzike kwa wali ule ule. Mkifika Makambako pumzikeni, hata kama mashine inafanya kazi. Ukichoka, sema umechoka. Ukisema "niko sawa" nitamuuliza Saida.

Kaka, ile habari ya mto naikumbuka. Ulinidondosha katikati.

Mwanakhamisi


Usangu
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu, mke wa watu,

Assalaam alaykum. Natumaini ulifika Mwanjelwa salama na duka halikuota miguu. Saida yupo, goti linapenda joto, anafundishwa kukamua na mke wa mchungaji wa ng'ombe na anawatukana ng'ombe kwa Kiswahili cha vikoba. Ezekia amerudi Iringa. Alilia kidogo, akasema ni vumbi.

Kosta imeegeshwa nyuma ya zizi. Jua la huku halina adabu, saa nne betri zimeshajaa, na shemeji ananikopa umeme wa kuchajia redio yake. Mchana naiacha mashine kwa muda mrefu kuliko kule. Jana nilitembea mpaka kwenye birika la kunyweshea, nikakaa, nikarudi. Sijadondoka.

Kuna tatizo moja dogo. Wewe umeolewa ukarudi dukani, unasema utakuja Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi ndiye nakula na mumeo, naongea na mumeo, namkumbusha avae sweta. Watu wa hapa wanaamini kwamba niliyeolewa ni mimi. Mzee mmoja alinipa pole kwa kuhama mbali na kwetu.

Siku ya ndoa wewe ulikuwa ndani na wanawake, hukuona yaliyotokea nje, na najua umesikia hadithi tofauti tofauti. Nakueleza ilivyokuwa. Tuliketi mkekani, mashine pembeni yangu inavuma, waya umetoka dirishani mwa Kosta. Sheikh akanipa mkono wa Mihayo, akaniambia niseme. Nikasema, "Mihayo, nakuozesha dada yangu Mwanakhamisi," halafu nikanyamaza.

Nilinyamaza mno. Sheikh akanitazama. Ezekia, ambaye hata haikumhusu, akakimbilia kuangalia betri. Mumeo mkono ukamtoka jasho. Baadaye aliniambia alidhani nimeghairi. Saida akawa amesimama mlangoni na glasi ya maji. Wote wakasubiri mpaka nilipomalizia yale maneno ya mahari na yeye akajibu amekubali, na nyie ndani mkapiga vigelegele.

Wote wanasema pumzi ilikata. Nimewaacha waseme hivyo. Pumzi nilikuwa nayo, Mwana, ya kutosha na kubaki. Ni wewe tu nilichelewa kukushusha mgongoni.

Kaka yako,
Zubery